Likizo ya Mama Rajabu

Juzi, tulipomaliza hitima ya arubaini ya Mama Rajabu, sufuria zimekwisha kuoshwa na wanawake wamekaa ukumbini wakinyoosha miguu, mjukuu wake mmoja, msichana wa chuo mwenye maswali kama polisi, akanigeukia. Akaniuliza kama ni kweli bibi yake aliwahi kuingia kambi ya jeshi na sufuria ya maharage kichwani. Wenzake wakacheka. Walidhani ni zile habari za msibani, ambazo marehemu hukuzwa mpaka akawa mtu ambaye hata yeye mwenyewe asingemtambua. Nikamwambia ni kweli tupu, na aliyemtwika sufuria ile ni mimi, na aliyekuwa na juzuu ya Yasini kwapani, akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, ni mimi pia. Basi nikasimulia, na kwa kuwa siku ile nilikatizwa katizwa na watoto na chai, leo nimeamua kuandika yote bila mtu wa kunikata kauli. Habari za nani alizaliwa wapi na sisi tulifikaje Nakivale naziacha kando. Hizo kila mkimbizi anazo, na zikianza hazina mwisho.

Ulikuwa mwaka mmoja wa themanini na kitu. Vita vya porini vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, serikali ilikuwa mpya, ya wapiganaji wenyewe walioshinda, na hata sisi wa Juru, kijiji chetu kule Nakivale, tulianza kulala bila kutega sikio. Mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, nikawa na likizo ile ndefu ya kungoja majibu, likizo ambayo kwetu maana yake ilikuwa ni kupalilia maharage kuanzia asubuhi badala ya kuanzia mchana. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni sauti. Kwenye chuo chetu cha Kurani pale Juru, kibanda cha miti kilichoezekwa majani, mimi ndiye niliyesukumwa mbele wageni wakija. Sikuwa mzuri wa sura, nguo zangu zilikuwa za kurithi, lakini nikifungua mdomo kusoma hata wavulana waliacha kuchokozana. Mama Rajabu, dada mkubwa wa mama yangu, ambaye nilimwita mama mkubwa, hakujua kusoma hata herufi moja. Alikuwa akija kusimama nje ya kibanda na jembe begani, anasikiliza, kisha anakwenda zake shambani.

Siku moja akaja nyumbani, akaketi kigodani, akamwambia mama, "Miye ninakwenda likizo. Ninakwenda na huyu mutoto." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mama mkubwa na likizo wapi na wapi? Mtu ambaye siku aliyojifungua Mwajuma, bintiye wa pili, jioni alikuwa akichambua maharage. Habari ikaenea Juru nzima kwamba Mama Rajabu anakwenda likizo Mbarara kwa shemeji yake, kama mke wa waziri, na watu wakawa wanamtania njiani, wanamwambia asisahau kutuletea zawadi. Yeye alicheka nao. Hakuwaambia alichokuwa akikitaka, ila mimi alinieleza usiku huo huo huku akinifungia nguo kwenye leso: alikuwa anataka kwenda kumsomea mwanawe Yasini.

Rajabu aliondoka Juru na baiskeli na gunia la maharage, akisema anakwenda kuuza Mbarara. Baiskeli ilirudi, imepandwa na mtu mwingine, na salamu kwamba mwenyewe amekwenda kujiunga na wapiganaji. Baada ya vita alikuja rafiki yake, amevaa gwanda, akaketi kwetu akanywa uji bila kuinua macho. Akasema Rajabu alikufa porini, mbali huko, wakamfukia haraka wakati wanarudi nyuma, na hata yeye mwenyewe akipelekwa leo hawezi kuonyesha ni wapi. Kisha, pengine kwa kutafuta neno la kumpoza mama wa watu, akaongeza kwamba ndani ya kambi ya jeshi ya Mbarara umejengwa mnara mdogo kwa ajili ya wote walioanguka. Mama mkubwa hakulia mbele yake. Alimwongeza uji. Lakini tangu siku hiyo nilimsikia mara nyingi akijisemea peke yake, "Basi kuna fasi. Kumbe kuna fasi ya kusimama." Mtu ambaye hajawahi kukosa kaburi la kulitembelea hawezi kuelewa neno lile, fasi, mahali tu pa kusimama, lilikuwa na uzito gani. Mimi mwenyewe sikulielewa sawasawa mpaka nilipozika watu wangu.

Tulisafiri juu ya lori la mahindi, tumekaa juu ya magunia, vumbi jekundu limetukaa mpaka kwenye kope. Mzee Idi, ndugu wa marehemu mume wa mama mkubwa, alikuwa na duka la vitambaa na mablanketi mjini, na nyumba nyuma ya duka. Tulipewa stoo tulale, kati ya marobota ya mablanketi yaliyonuka dawa ya nondo, na kwangu mimi ile ilikuwa hoteli. Hapakuwa na jogoo ndani ya chumba, hapakuwa na mvua ya kupenya paani. Asubuhi adhana ilitangulia, halafu baada ya kitambo kengele za kanisa la Nyamitanga zikaitikia kutoka ng'ambo ya mto Rwizi, na katikati ya hizo mbili mke wa Mzee Idi, Mama Safina, alikuwa ameshawasha moto. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye mkono mzuri wa kupika. Chai yake ilikuwa maziwa matupu yaliyochemshwa na tangawizi mpaka yakashika rangi. Matoke yake aliyafunga kwenye majani, akayakandamiza, akaleta na mchuzi wa karanga, na sisi wa maharage na ugali tulikula mpaka tukaona haya. Mama mkubwa alishindwa kukaa bure. Kila mara Mama Safina alimkuta ameinamia vyombo, akamnyang'anya, akamwambia, "Wewe si uko likizo? Kaa basi ukae." Naye anakaa kidogo, anainuka, anashika ufagio.

Jambo lenyewe alilitoa jioni ya tatu au ya nne, sikumbuki vizuri. Mzee Idi alikuwa na desturi ya kunywa kahawa barazani baada ya alasiri pamoja na mwalimu wa msikitini, mtu mwembamba mwenye ndevu za kuchanwa vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nachagua mchele. Nikamsikia mama mkubwa anatoka, anaketi mkekani kando ya mlango kwa adabu, anapiga hodi ya maneno. Akasema anaomba mwalimu afuatane naye kambini, akamsomee Rajabu pale mnarani, na sadaka atapika yeye mwenyewe. Kisha Mzee Idi akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Mama Rajabu, umekuja kutembea, tembea. Nenda sokoni. Nenda mtoni ukatazame maji. Habari za askari sizitaki humu ndani mwangu." Mwalimu yeye alijaribu kulainisha. Akasema mama anajua mwenyewe kwamba desturi yetu wanawake hawafuati jeneza makaburini, wanabaki nyumbani na dua zao, na Mungu anasikia kutoka popote. Tena pale kambini wamewekwa watu wa kila dini, mtu atasoma nini na kwa nani.

Mama mkubwa aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, ng'ambo ya maziwa makuu, na akikasirika kilizidi kuwa cha ng'ambo. "Mwalimu," akasema, "unijibu moja tu. Kama pale ni kaburi, munionyeshe mutoto wangu amelala wapi, na miye nitabaki nyumbani kama wanawake wote. Na kama si kaburi, basi munanikataza kwenda fasi gani?" Nilichungulia. Mwalimu aliinua kikombe akanywa, na mimi nilijua kikombe kile kilikuwa kitupu kwa sababu nilikuwa nimekitazama muda mrefu. Mzee Idi akainuka akaenda dukani bila kuaga. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi, maana alikuwa mtu wa maneno, mtu wa kubishana na mteja mpaka mteja akaomba radhi. Siku ile alitoka kama mtu aliyepigwa.

Nilifikiri mambo yameishia pale. Mwanamke mgeni, mjane, mkimbizi, amekatazwa na shemeji anayemlisha. Kwetu mambo kama hayo huishia pale. Lakini alfajiri iliyofuata nilipoamka nilimkuta jikoni na Mama Safina. Maharage tuliyoyaleta kutoka Juru yalikuwa yakitokota kwenye sufuria kubwa, ile ya sikukuu. Hawakuwa wakizungumza. Mama Safina alikwenda kabatini, akatoa kopo la samli, ile samli ya Ankole inayotunzwa kwa wageni wa heshima, akaichota kwa kijiko kikubwa akatia. Akachota tena akatia. Mama mkubwa akamtazama, naye akageuza uso akasema tu kwamba maharage makavu hayafai kuwa sadaka. Kisha akatoa leso yake mpya akaikunja kata, akamwekea mama mkubwa kichwani, akaniita nije nimsaidie kumtwika. "Pitieni mlango wa nyuma," akasema. "Yeye bado yuko msikitini."

Njia ya kambini ilikuwa ndefu na jua lilitoka mapema. Mimi nilikuwa na juzuu kwapani na mkeka mkononi, nikimwuliza kila hatua, "Mama mkubwa, nani atasoma?" Hakujibu mpaka tulipoliona lango. Hapo akasema, "Wewe si una mdomo?" Kusoma kibandani mbele ya watoto wenzangu ni jambo moja. Kambini kulikuwa na watu wenye bunduki, na sisi wa Nakivale tulikuwa tumelelewa kuogopa gwanda la rangi yoyote, la serikali iliyopita na la iliyokuja. Nilitaka kurudi. Nasema wazi, nilitaka kutupa mkeka nikimbie mpaka Juru kwa miguu.

Askari wa zamu langoni alikuwa kijana mrefu mwenye jino moja lililovunjika. Alipotuona tu akainua mkono, akamwita mama mkubwa nyabo, yaani mama kwa lugha yao. "Wewe nyabo, simama hapo hapo. Hapana uza chakula hapa. Afande nakataza." Alitudhania wanawake wa vibanda, wale waliokuwa wakiwaletea askari ugali na mchuzi kando ya ukuta. Mama mkubwa alishusha sufuria taratibu, akajifuta jasho. Sijawahi kumwona amekasirika vile. "Siuzi," akasema. "Ni sadaka ya mutoto wangu. Niko na mutoto wangu hapo ndani, kwenye mnara. Nimekuja kumusomea." Askari akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema mle ndani hakuna mtu, kuna jiwe tu, na raia hawaingii, na mambo ya kusoma mama akafanye nyumbani. Akauliza tunatoka wapi. Mama mkubwa akasema Nakivale. "Aa," askari akasema, "Nakivale. Sasa mtu ya Nakivale iko na nani hapa?"

Wengine wangejibu. Mama mkubwa alinichukulia mkeka mkononi, akautandika pale pale kwenye nyasi mbele ya lango, upande wa pili wa barabara, akaketi, akanionyesha mahali pangu kwa kidole. Askari akasema hapana kaa hapo. Yeye akamwambia barabara hii ni ya wote, hata ng'ombe wanaipita. Kisha akaniambia nianze. Kwetu hitima haianzi kwa kusoma. Kwanza unataja jina la unayemsomea, la kwake na la mzazi wake, ili thawabu ijue inakwenda mlango gani. Akafunga macho, akataja kwa sauti kubwa jina la Rajabu na la baba yake, na mimi nikafungua juzuu.

Mistari ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Halafu, sijui niseme nini, sauti yangu ikanijia. Pengine ni ile hasira ya kuambiwa mtu wa Nakivale ana nani hapa. Nilisoma kama sijawahi kusoma kibandani, nikaisikia sauti ikigonga ukuta wa kambi na kurudi. Waendesha baiskeli wakasimama. Wanawake wa vibanda wakaweka vijiko chini. Nilipofika mahali pa kuvuta pumzi nikaona viatu vya askari mbele ya mkeka. Nikajua tumekwisha. Lakini yule kijana alichuchumaa, bunduki magotini, akasema polepole kama anamwuliza mama yake mzazi, "Nyabo. Mimi iko na ndugu yangu alikufa kwa vita. Naweza weka na yeye?" Mama mkubwa akamwuliza jina. Akasema. Alikuwa Mkatoliki, jina la ubatizo na la kwao. Mama mkubwa hakusita hata kidogo, akalitaja baada ya la Rajabu, akalikosea, kijana akamsahihisha, akalitaja tena. Nikamnong'oneza kwamba mwalimu angesema haifai. Akaninong'oneza na yeye, "Miye ninataja tu. Kupokea si kazi yangu. Soma."

Basi ndivyo ilivyoanza. Mwenzake wa zamu akatoka, akataja wa kwake. Mwanamke mmoja wa vibandani, mke wa askari aliyefia vitani, akaja amebeba mtoto mgongoni. Wakatoka wengine kutoka ndani, mikono ina sabuni, wengine wana vikombe vya chai. Wengi wao hawakujua majina ya kweli ya wenzao. Huko porini walijuana kwa majina ya utani tu. Mmoja akasema rafiki yake aliitwa Radi. Mwingine akasema wa kwake ni Mwendo wa Haraka, akaona haya kulitaja mbele ya dua. Mama mkubwa akamwambia Mungu anawajua hata kwa jina la kuchezea, akalitaja kwa heshima ile ile aliyomtajia mwanawe. Nilimwona askari yule akilia bila kujificha, mikono imening'inia.

Ndipo akaja afande wao, mtu mfupi mwenye mvi za mapema, anauliza kwa ukali ni mkutano gani huu langoni kwake. Askari wote wakasimama wima. Mama mkubwa yeye hakusimama. Akamweleza. Afande akamwambia, "Mama, nakueleza kweli. Pale hakuna mtu amezikwa. Ni simenti tu." Mama mkubwa akamwambia, "Kama ni simenti tu, baba, munailinda na bunduki ya nini?" Nilifumba macho. Nilisubiri tukamatwe. Nilipoyafumbua, afande alikuwa amevua kofia yake, anaigeuzageuza mikononi. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sisi tulioketi ndio tulioisikia, jina la mtu mmoja, na kwamba alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mama mkubwa akalitaja. Afande akageuka akawaambia vijana wafungue lango.

Tuliingia. Nimeona minara mingi tangu hapo. Siku hizi watu wanakwenda likizo kwenye minara ya vita, wanapigana picha, wanakula aiskrimu, na siwalaumu. Ule wa kwetu ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri, umepakwa chokaa, umezungushiwa mnyororo, na nyasi zake zimekatwa vizuri. Hapakuwa na jina la mtu yeyote. Mama mkubwa aliukaribia, akaweka kiganja juu ya ile chokaa, akakaa hivyo. Sikuona machozi. Niliona mabega yake yakishuka, yale mabega yaliyokuwa juu tangu siku ya uji, na nikajua amefika. Afande akapaza amri, "Mguu sawa!" Buti zikagonga ardhi kwa pamoja, na mama mkubwa naye, kwa kudhani ameambiwa yeye, akavuta ndala zake akazipanga sawa. Hakuna aliyecheka. Nikasoma Yasini yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na majina yakaendelea kuja, na kila jina likarudiwa na askari wote kana kwamba wanaitikia gwaride. Tulipofunga dua kwa Fatiha, hata wasiojua waliinua mikono. Maharage yaliliwa pale pale kwenye nyasi, kwa vikombe, kwa vifuniko, kwa viganja, na yule kijana wa jino lililovunjika alikwangua sufuria. Sauti yangu ilikuwa imekauka kabisa, nami nilijisikia mrefu kuliko ukuta ule.

Najua sasa kwamba mwaka ule ndio ulionifanya niwe mimi. Majibu ya mtihani yalikuja baadaye, yakawa mazuri, nikasoma mbele, lakini sijawahi tena kumwogopa mtu kwa sababu ya nguo aliyovaa. Njiani kurudi mama mkubwa alitembea mbele yangu, sufuria tupu imemkaa kichwani kama kofia ya chifu, akiwasalimia watu asiowajua. Mimi nilianza kuwaza ya nyumbani. Tulikuwa tumekatazwa, tumetoka kwa mlango wa nyuma, na mji wa Mbarara wakati ule ulikuwa mdogo. Habari ya wanawake waliosimamisha kambi ilikuwa imetutangulia. Nilijua usiku ule tungelala kwenye lori la kurudi Juru.

Mzee Idi alikuwa ukumbini, peke yake, duka limefungwa mchana kweupe. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na watu walikuwa wakipita barabarani. Mama Safina alisimama jikoni mlangoni, mkono mdomoni. Mama mkubwa akatua sufuria, akaketi mkekani akangoja matusi yake. Mzee hakututukana. Alitazama mikono yake, akauliza, "Mlitaja watu?" Mama mkubwa akasema ndiyo, wengi. Akauliza tena, "Wa kila upande?" Akajibiwa kwamba hakumwuliza mtu upande. Mzee akainua uso. "Na dua, mmeshaifunga?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo, tumeifunga zamani, na wameshakula. Mama mkubwa akanibana paja mpaka nikauma meno. "Bado, shemeji," akasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe."

Yule mzee wa maneno akashuka kutoka kitini, akaketi chini mkekani pamoja nasi wanawake, akasema, "Hamisi. Hamisi bin Idi." Jina lile sikuwahi kulisikia ndani ya nyumba ile. Alikuwa kijana wao wa kwanza, ambaye alivaa gwanda la jeshi la serikali ya zamani akafa nalo, jeshi lile lililoshindwa miaka kadhaa kabla hata ya vita vya porini, na tangu liliposhindwa hapakuwa na mtu mjini aliyethubutu kusema amempoteza mtu wa jeshi lile. Walimfuta midomoni ili wabaki salama. Wakamwita mama yake Mama Safina, kwa jina la mtoto wa pili, na majirani wakazoea, na wageni kama mimi hatukujua kuna mwingine aliyetangulia.

Mama mkubwa alilirudia jina lile kwa nguvu, mlango ukiwa wazi, wapita njia wakisikia, akalitaja bega kwa bega na la Rajabu. Nikafungua Yasini upya, na sauti ambayo nilidhani imekwisha ikaja. Kisha mama mkubwa akageuka kuelekea jikoni, akapiga piga mkeka ubavuni mwake, akasema, "Mama Hamisi, njoo ukae hapa."